Siku Mwalimu alipokataa kuonana na Muhammad Ali

Juzi jioni, upepo wa Dodoma ukiwa umeshamaliza kazi yake ya kutujaza vumbi machoni, nilikuwa kijiweni nyuma ya soko la Majengo nikinywa kahawa. Kijana mmoja wa bodaboda akaweka simu katikati ya benchi, pembeni ya sahani ya kashata, ili kila mtu aone. Kwenye video alikuwa mwanamuziki wa Marekani, miwani nyeusi, akieleza nani mwenye haki katika vita ya Mashariki ya Kati. Dakika moja na nusu. Ilipoisha, kijana akatutazama mmoja mmoja kama refa aliyeonyesha kadi nyekundu.

"Mmesikia wenyewe."

Mzee mmoja mstaafu wa jeshi, ambaye kwa kawaida hunywa kahawa yake kimya, akauliza: "Huyo naye alikuwa kikosi gani?"

Benchi zima likaangua kicheko. Kijana hakucheka. "Mzee wangu, mpaka uwe askari ndio ujue watoto wanakufa?"

Tukanyamaza, maana hapo naye alikuwa amesema kweli.

Tangu jioni ile nimekuwa nikilibeba lile swali la mzee. Lilitoka kama utani, lakini ukilichokonoa unakuta ndilo swali lenyewe: umesimama wapi hata ukakiona hicho unachokisema, na kukisema kunakugharimu nini? Mitandaoni hakuna anayeuliza hivyo. Huko kuna kambi mbili, na zote mbili zinanichosha. Moja inasema msanii aimbe, mchezaji acheze, siasa waachiwe wenyewe. Hao "wenyewe" ni akina nani, haisemi. Nyingine inamwandama kila mwenye wafuasi wengi: mbona umekaa kimya? Mei 2024, baada ya hafla ya mavazi ya Met Gala kule New York, watu wengi waliamua kuwablock mastaa kwa sababu hawakuwa wamesema lolote kuhusu Gaza. Matunda ya shinikizo la namna hiyo tunayafahamu hata sisi tusiosafiri. Ni taarifa ya mistari minne aliyoiandika meneja, bendera, viganja viwili vilivyokutanishwa, na kesho yake tangazo la sabuni. Kwa lugha ya mjini hiyo ni kiki iliyovalishwa kanzu.

Kuna kisa kimoja cha hapa nyumbani ambacho kinanisaidia kufikiri kuliko mabishano yote hayo, na nashangaa hatukisimulii mara kwa mara.

Februari 1980 Muhammad Ali alitua Dar es Salaam. Majeshi ya Muungano wa Kisovieti yalikuwa yameingia Afghanistan mwishoni mwa Desemba 1979, na Rais Jimmy Carter wa Marekani alitaka mataifa yasusie Michezo ya Olimpiki ya Moscow. Kwa Afrika, Carter alitafuta sura ambayo ingefunguliwa milango bila kubisha hodi. Ali alikuwa India kwenye ziara ya hisani; akaombwa, akakubali, akapandishwa ndege ya serikali ya Marekani. Kituo cha kwanza kilikuwa Tanzania. Ni mtu gani hapa angehitaji kuambiwa Ali ni nani? Oktoba 1974 alikuwa Kinshasa, jirani tu hapo, akimwangusha George Foreman.

Mwalimu Nyerere hakumpokea. Aliiona ni dharau nchi kutumiwa bondia kwenye jambo la vita na diplomasia. Ali akaishia kwa waziri, kisha kwa waandishi wa habari, na huko ndiko alikokutana na raundi ngumu. Waandishi wetu wakamuuliza: mwaka 1976 Tanzania na nchi nyingi za Afrika tulisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Marekani ilituunga mkono? Haikutuunga. Leo mbona inatutaka tususie kwa ajili yake? Ali hakuwa na jibu. Na hapa nampa heshima yake: hakujifanya analo. Alikiri hadharani kwamba huenda anatumiwa, na kwamba hakuwa ameelezwa mambo yote hayo kabla ya kupanda ndege.

Uzito wa swali lile unaujua ukimkumbuka Filbert Bayi. Februari 1974, Christchurch, Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500 akimwacha nyuma John Walker wa New Zealand, nyumbani kwa Walker. Dunia nzima ikawa inasubiri wakutane tena Montreal. Tanzania ikasusia, Bayi akabaki, Walker akachukua dhahabu. Nyota wetu alilipia siasa ya nchi yake kwa miguu yake mwenyewe, na sijui kama kuna aliyemuuliza maoni. Halafu baada ya miaka minne anakuja nyota wa watu wengine kumwambia alipe tena. Tanzania ilikwenda Moscow. Bayi akarudi na fedha ya mita 3000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui na fedha ya mita 5000. Medali hizo mbili ndizo za Olimpiki tulizonazo mpaka leo.

Sasa, Ali huyo huyo ndiye aliyesimama Houston tarehe 28 Aprili 1967 akakataa kuandikishwa jeshini kwenda Vietnam. Walimnyang'anya mkanda, wakamfungia asipigane, mahakama ikamhukumu kifungo cha miaka mitano na faini ya dola 10,000. Hakuingia gerezani kwa sababu alikata rufaa, lakini miaka zaidi ya mitatu, ile ambayo bondia huwa katika ubora wake, ilipita hivihivi. Mahakama Kuu ya Marekani ilitengua hukumu mwaka 1971. Ukimuuliza Ali wa 1967 swali la mzee wetu, jibu analo: mimi ndiye ninayetakiwa kuingia kikosini, mwili unaogombewa hapa ni wangu, na kukataa kwangu kumenipokonya riziki. Ali wa 1980 alikuwa tarishi. Barua haikuwa yake na hakuwa ameisoma mpaka mwisho. Umaarufu wake haukupungua hata chembe kati ya miaka hiyo miwili, kwa hiyo kilichofanya neno la kwanza liwe zito na la pili liwe jepesi kilikuwa kitu kingine.

Hapa hoja yangu inaanza kunipa shida, na ni haki niseme. Afghanistan ilikuwa imevamiwa kweli. Wasovieti hawakuondoka mpaka Februari 1989. Kwa hiyo tarishi anaweza kuwa si mtu wa kumtuma na barua bado ikawa na ukweli ndani. Nadhani Mwalimu alikuwa sahihi kutokumpa bondia kiti cha balozi. Sina hakika kwamba sisi wananchi tulimaliza wajibu wetu wa kuifikiria Afghanistan kwa kumcheka aliyeleta habari. Kijana wa bodaboda alikuwa akilipigania jambo hilo hilo, ingawa alilisema kwa hasira.

Ile kambi ya "aimbe tu" ningependa ipande basi, ipite Kondoa na Babati, iteremke Arusha. Huko ndiko ilikokaa Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, ile iliyosikiliza kesi za mauaji ya kimbari ya 1994, na tarehe 2 Desemba 2008 majaji wake walimtia hatiani Simon Bikindi, mwanamuziki aliyekuwa kipenzi cha Wanyarwanda wengi. Alikuwa na mashtaka sita, akaachiwa matano. Nyimbo zake zilijadiliwa kwa kirefu mahakamani, lakini hazikuwa msingi wa kumtia hatiani. Kilichompa kifungo cha miaka 15 ni maneno aliyoyatamka kwa kipaza sauti mwishoni mwa Juni 1994, barabarani kati ya Kivumu na Kayove, akiwa kwenye msafara wa wanamgambo wa Interahamwe, akiwahimiza watu kuwaua Watutsi.

Fikiria jambo hilo kwa utulivu. Mtu asiye na jina angepita barabara ile na kipaza sauti, baadhi wangemsikiliza, baadhi wangemwona kichaa. Alipopita mtu ambaye sauti yake wameicheza harusini, ambaye watoto wanamwimba, neno lake liliingia ndani ya nyumba kabla halijapimwa. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na anayesema maoni ya mastaa kuhusu vita ni upuuzi usiostahili kuangaliwa. Yanastahili kuangaliwa kwa sababu ile ile tunayomwangalia mtu aliyebeba kiberiti kwenye zizi la nyasi kavu. Kiswahili chetu kimetupa maneno mawili hapa ambayo watu wanayachanganya: kusikiliza na kutii. Kijana wa simu alituletea video ili tutii. Mzee naye alikataa hata kusikiliza.

Mfano wa upande mwingine unatoka Ivory Coast, na sijachoka nao ijapokuwa umesimuliwa sana. Oktoba 8, 2005, Omdurman, Ivory Coast wanaifunga Sudan 3-1 na kufuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Nchi yao imegawanyika tangu 2002, kaskazini waasi, kusini serikali. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo, mbele ya kamera, Didier Drogba na wenzake wanapiga magoti na kuwaomba ndugu zao waweke silaha chini. Juni 2007 timu ikacheza na Madagascar mjini Bouaké, ngome ya waasi, ikashinda 5-0. Tangu hapo imekuwa hadithi ya kwamba mpira ulimaliza vita.

Haukumaliza. Mkataba wa amani wa Ouagadougou ulisainiwa Machi 2007, kabla ya mechi ya Bouaké, baada ya mazungumzo marefu ya watu waliovaa suti. Tena baada ya uchaguzi wa 2010 nchi ile ikarudi kwenye damu, na watu wapatao 3,000 wakafa. Nikimpunguzia Drogba sifa hizo za ziada, bado linabaki jambo ambalo siwezi kumpunguzia: alizungumza na watu wake, kuhusu nyumba yake, akiwa na wenzake kutoka pande zote za nchi ndani ya jezi moja. Na hakuwaambia nani mwenye haki. Aliwaomba waache. Mastaa wengi wa leo wanafanya kinyume chake, wanatuletea hukumu ya vita ambayo hata majina ya miji yake wanayasoma kwenye karatasi.

Februari 7, 2024, nusu fainali ya AFCON, wachezaji wa Kongo walipokuwa wakiimbiwa wimbo wa taifa lao waliziba midomo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili wakaelekeza vidole viwili kichwani kama bastola. Nilikuwa kwenye kibanda umiza. Wengi tuliuliza, hawa wamefanya nini? Aliyetueleza alikuwa dereva wa lori. Dodoma iko kwenye njia kuu ya mizigo. Malori yanayotoka bandarini kwenda Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo yanapita hapa, Manyoni, Singida, Nzega, Kahama, mpaka Rusumo. Dereva yule alisema, hao wanawasemea watu wa Kivu, wanauawa na dunia imeziba mdomo. Kisha akaongeza habari za vizuizi, pesa za kupitishwa, na jinsi mwenzake alivyolala siku tisa ndani ya kichwa cha lori. Septemba 2016 madereva Watanzania walitekwa Kivu Kusini, kwa hiyo hakuwa akisimulia hadithi za kutunga. Wachezaji wale, bila kusema neno hata moja, walikuwa wamemfungulia mlango mtu anayejua. Mechi ikaanza, Kongo wakafungwa 1-0, na tukaacha kumsikiliza dereva.

Na tusijidanganye kwamba vita ni habari za huko. Mwaka 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine, petroli hapa ilivuka shilingi 3,000 kwa lita, serikali ikaanza kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi, na nauli ya bodaboda kutoka Nkuhungu kuja mjini ikapanda bila kutangazwa na mtu yeyote. Ndoo ya mafuta ya kupikia ikawa bidhaa ya kuulizwa kwa sauti ya chini. Wakulima wa alizeti wa Singida na Dodoma wakaona neema, wakalima zaidi. Mwaka uliofuata bei ikaporomoka, mafuta ya nje yakiwa yameingia kwa wingi, na wengine wakabaki na magunia. Kijana wa Kitanzania aliyekuwa masomoni Urusi, akafungwa huko, akajiunga na Wagner, kundi la askari wa kukodiwa la Urusi, ili apate msamaha, alikufa Ukraine Oktoba 2022. Oktoba 7, 2023, vijana wetu wawili waliokwenda Israel kujifunza kilimo waliuawa. Askari wetu wa kulinda amani walizikwa baada ya shambulio la Semuliki, mashariki ya Kongo, Desemba 2017, na wengine wamekufa Kongo baada ya hapo.

Katika yote hayo, hakuna hata moja nililolielewa kwa msaada wa staa. Staa huniambia nani mbaya. Hanielezi kwa nini meli ya ngano ikizuiwa Bahari Nyeusi, mama wa maandazi wa Chang'ombe anapunguza ukubwa wa andazi badala ya kupandisha bei. Hiyo inajulikana na mwenye mashine ya kukamua alizeti, na afisa ugani, na mfanyabiashara wa mahindi wa Kibaigwa, na mama mwenyewe. Hao hawana maiki. Bando letu la usikivu lina kikomo kama bando lingine lolote, na kila dakika moja na nusu ya miwani nyeusi inakatwa mahali fulani.

Machi 2, 2022, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipopiga kura kulaani uvamizi wa Ukraine, nchi 141 ziliunga mkono, 5 zilipinga, 35 zilijizuia. Tanzania ilikuwa kati ya hizo 35. Kenya iliunga mkono. Unaweza kuutetea uamuzi wetu kwa historia ya kutofungamana na upande wowote, unaweza kuupinga kwa kusema mdogo anapopigwa na mkubwa huwezi kuwa mtazamaji. Mimi mpaka leo nayumba. Ila nakumbuka wiki ile mitandao yetu ilikuwa imejaa kauli za waigizaji wa Hollywood, na kura ya nchi yetu wenyewe, iliyopigwa kwa jina letu, haikujadiliwa kijiweni hata nusu saa.

Sisi wakazi wa Dodoma tuna bahati moja: tumewaona mastaa wakigeuka kuwa watu wa kuulizwa. Joseph Mbilinyi, Sugu wa muziki, aliingia Bungeni 2010 kuiwakilisha Mbeya Mjini. Joseph Haule, Profesa Jay, aliiwakilisha Mikumi kuanzia 2015. Hamis Mwinjuma, MwanaFA, alichaguliwa Muheza 2020 na baadaye akawa naibu waziri. Uwapende usiwapende, walichosema ndani ya ukumbi ule kiko kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi za Bunge, na mpiga kura angeweza kuwasubiri jimboni na kuwauliza. Volodymyr Zelensky alikuwa mchekeshaji. Tangu 2019 ni rais, na neno lake kuhusu vita linapimwa kama la amiri jeshi, si la mchekeshaji. Huo ndio mpaka ninaouona. Aliyekubali kuulizwa, nitampa sikio refu hata kama simpendi. Anayeposti na kufunga sehemu ya maoni, simlaumu kwa kuposti, ila asitegemee nimsambazie. Chawa ndio kabisa. Yule anayesifia vita leo kwa sababu bosi wake kaisifia ana kazi moja na hakuna haja ya kuichambua.

Kuna kichekesho kidogo kuhusu ukanda wetu huu. Septemba 2025 Alphonce Simbu, mtoto wa Singida, alishinda mbio za marathoni za ubingwa wa dunia kule Tokyo. Ni staa mkubwa kuliko wote tuliowahi kuwatoa katikati ya nchi, na ni askari wa JWTZ. Yaani mtu mmoja maarufu ambaye angeweza kumjibu mzee wetu "kikosi fulani" bila kubabaika, ndiye ambaye utumishi wake unamtaka asiropoke siasa. Mzee nilipomwambia hivyo alicheka mpaka akamwaga kahawa. "Ndiyo nidhamu hiyo," akasema, akijifuta suruali.

Kijana wa bodaboda alirudi kutoka kumpeleka abiria Jamatini na kukuta bado tunabishana. Safari hii hakuleta video. Aliuliza kama ni kweli Nyerere alimkataa Muhammad Ali, au ni stori zetu za wazee. Nikamweleza. Akauliza, "Sasa mjomba, Ali alipotoka hapa alikwenda wapi?" Nikamwambia Kenya, ambako walishakubali kususia, halafu Nigeria, ambako nako walimkatalia. Akatafuta kwenye simu kuhakikisha; sikukasirika.

Pembeni yetu alikuwa amekaa dereva mmoja wa malori ya njia ya Rusumo, alikuwa amekunywa vikombe vitatu bila kusema kitu. Nilipogeuka nimuulize barabara ikoje huko mbele, benchi lilikuwa tupu. Muuza kahawa akasema ameegesha Nala, na alitaka kuimaliza Manyoni kabla giza halijaingia.